Kati ya walioanza, wamefaulu wangapi?

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) liliacha kutangaza shule zilizoongoza kitaifa, likisema utaratibu huo hauna tija. Mashindano hayakuisha, yalihamia kwenye magrupu ya WhatsApp, ambako matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, shule mbili za kata zilizo jirani hupimwa kwa asilimia ya ufaulu na hukumu hutolewa kabla ya chakula cha mchana. Kuzilinganisha ni halali kabisa. Zote ni za kutwa, zinapokea watoto wa mitaa ileile baada ya wenye alama za juu darasa la saba kuchukuliwa na Ilboru, Kibaha au Kilakala. Kasoro iko kwenye hesabu.

Asilimia ya ufaulu huhesabu waliokaa kwenye chumba cha mtihani peke yao. Tuseme shule mbili zilipokea wanafunzi 120 kila moja kidato cha kwanza. Ya kwanza ilifikisha 70 kwenye mtihani, wakafaulu 60: karibu asilimia 86, na mkuu wa shule anapongezwa. Ya pili ilifikisha 110, wakafaulu 82: chini kidogo ya asilimia 75, na mkuu wake anaitwa kujieleza. Ukigawanya kwa 120 mambo yanageuka: ya kwanza imefaulisha nusu ya waliokabidhiwa kwake, ya pili zaidi ya theluthi mbili. Na neno “kufaulu” lenyewe ni pana mno. Mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, yaani daraja la nne, na anahesabiwa sawa na mwenye pointi 7. (Wasomaji wapya wakumbuke kwamba hapa namba ndogo ndiyo nzuri.)

Wapo watakaosema wanaokosekana wengi wamehamia shule nyingine. Inawezekana, lakini uhamisho huacha barua, na barua zinahesabika. Vivyo hivyo wanaokariri kidato cha pili baada ya upimaji wa taifa. Wanaobaki bila maelezo ndio watoro, waliopata mimba, na waliochoshwa na kuwasikiliza walimu kwa Kiingereza baada ya miaka saba ya Kiswahili. Hoja nzito zaidi ni kwamba shule inayong’ang’ania wanafunzi dhaifu inajiharibia sifa bure. Hapo ndipo hatari ilipo: mkuu wa shule anayepimwa kwa asilimia hana sababu ya kumfuatilia nyumbani mtoro ambaye angeishusha.

Nakubali kwamba mzazi wa kawaida hachagui, kwa kuwa mtoto hupangiwa shule. Lakini bodi ya shule, diwani na afisa elimu wana la kuamua. Wao waweke mezani orodha ya kidato cha kwanza ya miaka minne iliyopita kando ya matokeo, kisha washuke hadi jedwali la masomo. Shule ikifanya vizuri Kiswahili na Historia, halafu Hisabati ikaanguka mwaka hadi mwaka, swali la kwanza ni kama ina mwalimu wa Hisabati, na kama jirani yake anao watatu.