Desturi na Kalamu ya Serikali: Udongo wa Fiji

Mara nyingi tukiuliza wazee habari ya udongo, hujibu: "Ndivyo walivyofanya mababu." Sisi twaandika neno hilo katika daftari, twadhani kazi imekwisha. Wataalamu waliochunguza desturi za visiwa vya Pasifiki wameonyesha kwamba kazi ndipo inapoanza.

Tutwae visiwa vya Fiji. Tarehe 10 Oktoba 1874 wasultani wakubwa wa huko walitia nchi yao mikononi mwa Uingereza. Mwaka uliofuata akafika gavana Arthur Gordon. Huyo alikataza mashamba ya wenyeji yasiuzwe tena kwa Wazungu, akataka kutawala kwa njia ya wasultani na kwa kufuata desturi. Lakini desturi ipi? Wasultani walipoulizwa mwenye udongo ni nani, majibu yao hayakupatana, maana nchi zao hazikuwa na kawaida moja. Mwishoni serikali ikashika jibu moja tu: udongo ni wa ukoo, uitwao mataqali, wala hauuziki kamwe.

Mwaka 1880 Lorimer Fison, mmisionari wa Wametodisti, alitoa hotuba yenye kutia nguvu jibu hilo. Alikuwa mfuasi wa Lewis Morgan, Mmarekani aliyefundisha kwamba makabila yote ya dunia hupanda ngazi moja. Basi mawazo ya Mmarekani yakasaidia kuamua mababu wa Fiji walifanya nini!

Peter France, aliyekuwa mtumishi wa serikali huko, alichambua maandiko ya zamani, akatoa kitabu mwaka 1969. Aliona kwamba zamani watu walihama-hama kwa sababu ya vita, mashamba yakabadili wenyewe, na mataqali haikuwa namna moja pahali pote. Lakini watu wa serikali waliandika koo na mipaka yao katika vitabu, na vitabu vikageuka desturi. (Katika Kongo, dekreti ya tarehe 2 Mei 1910 nayo iliandika wasultani na nchi zao. Katekista mwenye kuuliza habari za mipaka aulize pia ilichorwa mwaka gani.)

Wengine husema: basi, desturi hiyo ni uongo. Sikubali. Kwa sheria ile, zaidi ya 80 kwa mia ya udongo wa Fiji ungali wa wenyeji. Lakini Wahindi kama 60,000 waliletwa kulima miwa tangu 1879 hata 1916, na wajukuu wao wengi hukodi tu mashamba ya wenyeji. Tangu 1997 mikataba ya miaka 30 ilianza kwisha, na jamaa nyingi zikaacha mashamba waliyozaliwa ndani yake.