Mkemia Aliyeokoa Mashairi Yake

Ukipita Kariakoo upande wa wauza viungo, pua inafika kabla ya macho. Karafuu, iliki, mdalasini, halafu mafungu ya mchaichai. Mimi kila nikifika hapo namkumbuka Puran Singh, na naomba nikueleze kwa nini.

Ninasomea ualimu wa Kemia na Biolojia, na huwa naandika mashairi. Wenzangu wananicheka: "Wewe mtu wa sayansi, mashairi ya nini?" Swali lenyewe lilianza zamani. Tulipokuwa tunachagua tahasusi za kidato cha tano, mwalimu mmoja aliniambia nichague moja tu: PCB au HKL, maabara au malenga. Nikachagua PCB, na daftari langu la mashairi nikalificha chini ya godoro. Kusema ukweli, nilianza kuamini kwamba mtu hawezi kuwa na vyote viwili.

Puran Singh alikuwa navyo. Alizaliwa mwaka 1881 katika jamii ya Sikh, ndugu zao hawa tunaowaita Kalasinga hapa mjini. Mwaka 1900 alikwenda Japani, akasoma kemia ya dawa katika chuo kikuu cha Tokyo. Hukohuko alivutwa na mambo ya roho hadi akawa mtawa. Baadaye alirudi kwao, akaoa, na mwaka 1907 akaajiriwa kuwa mkemia katika taasisi ya utafiti wa misitu ya Dehra Dun, India. Mwaka 1912 akairudia dini ya wazazi wake kwa moyo wote.

Sasa, kazi yake ilikuwa nini? Sehemu kubwa ilikuwa mafuta yanayonukia ya mimea. Mvuke wa maji unapitishwa kwenye majani, unabeba mafuta, kisha unapozwa. Maji yanakaa chini, mafuta yanaelea juu. Mmea alioushughulikia sana ni nyasi ya rosha, ambayo ni ya jenasi moja na mchaichai wetu, Cymbopogon. Tofauti iko kwenye kemikali: harufu ya mchaichai inatokana hasa na sitrali, ya rosha inatokana na jeranioli.

Maabara inaishia hapo. Inakwambia harufu imetokana na nini, lakini haikwambii kwa nini ukiinusa unamkumbuka bibi yako. Katika mapokeo ya Kalasinga kuna neno vismad, yaani mshangao wenye heshima mbele ya uumbaji. Sala yao ya asubuhi inazitaja hewa, maji na ardhi kwa heshima ile tunayowapa wazazi na walimu. Puran Singh aliandika kutoka kwenye mshangao huo. Kwake, kumjua Mungu hakukuwa kuikimbia dunia, utawa alishaujaribu. Kulikuwa ni kuishi kwa kazi ya mikono, kumkumbuka Mungu ukiwa kazini, na kugawana chakula. Ndiyo maana mashairi yake yamejaa wakulima na mito ya Punjab.

Mwaka 1923 alitoa diwani ya Kipunjabi iitwayo Khule Maidan, yaani viwanja vilivyo wazi. Humo aliacha vina na mizani. Sisi tuliosoma fasihi ya Kiswahili tunaujua ugomvi huo: Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo walikuja juu. Mkemia huyu alikuwa ameshafanya hivyo nusu karne kabla, katika lugha yake.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni hiki. Mwaka 1926 alikodi ardhi ya serikali huko Punjab, akapanda rosha kwa ajili ya biashara. Mwaka 1928 mafuriko yakaliharibu shamba, akapata hasara kubwa. Hata hivyo alifurahi, kwa sababu miswada ya vitabu vyake aliweza kuiokoa. Alifariki mwaka 1931.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikiwa Feri nasubiri pantoni ya kwenda Kigamboni. Shamba lilikuwa mtaji wake. Mtu mwenye njaa hali mashairi, najua, na boom likichelewa na mimi huwa siandiki hata ubeti. Ila yeye hakuwa mshairi aliyedharau shamba. Alilipanda mwenyewe, kwa elimu yake. Kemia ilimfundisha kuitazama nyasi kwa makini, na mashairi yalimfundisha kutoizoea.

Mwezi wa saba naenda mafunzo ya ualimu kwa vitendo. Nitaingia kidato cha pili na fungu la mchaichai la Kariakoo. Kwanza tutachemsha na kukusanya mafuta, tuandike matokeo kama mtaala unavyotaka. Kisha nitawaomba wanuse tena, waandike mistari minne ya chochote kilichowajia. Na daftari langu nimeshalitoa chini ya godoro.