JINA LINALOTOKEA KWENYE SIMU SIO KITAMBULISHO



Mimi nauza vitenge mtandaoni nikiwa hapa Maguu. Kuna mama mmoja alichukua doti mbili, akasema atalipa kahawa ikiuzwa. Nikamsevu "Mdeni Vitenge". Kahawa ikauzwa, akalipa yote. Jina sikubadilisha.

Siku moja akampigia muuzaji wa Mbinga mjini aagize sare za watoto. Simu ya yule muuzaji ikaonyesha "Mdeni Vitenge". Akaambiwa hakuna mkopo, alipe kwanza. Mama akanifuata: "Mwanangu, nimebakiza deni gani tena kwako?" Niliishiwa maneno.

Ilikuwaje? Nilipakua programu ya kutambua mpigaji, nikabonyeza "kubali" bila kusoma. Nikairuhusu isome majina yote kwenye simu yangu. Baadhi ya programu hizi huchukua majina tuliyowaandika watu, zikayaonyesha kwa wengine. Kwa hiyo jina unaloliona huenda mwenye namba hajalichagua wala halijui. Na tapeli naye anaweza kutokea kwa jina zuri, "Huduma kwa Wateja".

Fanya hivi:

1. Msevu mteja kwa jina ambalo hata akiliona hatachukia. Madeni yaandike kwenye daftari.

2. Ingia kwenye mipangilio ya simu, angalia programu zipi zinasoma majina yako, zima zisizohitaji. Zilichokwisha kuchukua hakirudi chenyewe, omba kifutwe. Nyingi zina sehemu ya kuondoa namba.

3. Kabla ya kumtumia mtu pesa, soma jina la usajili linalotokea kabla hujathibitisha. Halifanani na alilokuambia? Ghairi. Namba ya siri usimpe yeyote, simu iandike jina lolote. Meseji ya kitapeli itume kwenda 15040.

4. Ukiweka muamala wa mteja kwenye stetasi, ficha namba na jina lake.

Hata sheria ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023. Taarifa uliyopewa kwa kazi moja usiitumie kwa nyingine bila ruhusa ya mwenyewe. Mteja alikupa namba umpelekee mzigo, basi.

Yule mama nilimwomba radhi, nikampigia na muuzaji wa Mbinga nikamweleza ukweli. Sare zilitoka.

Wewe umewasevu wateja wako majina gani? Kayaangalie leo, halafu mtumie na mwenzako asome.