Embe Moja, Alama Ishirini na Tatu

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari ya paka anayedaka maembe. Ni gemu ndogo tu, lakini ndani yake mna mtihani usiohitaji karatasi wala kalamu.

Tuseme mtunzi wa gemu ni wewe. Umefungua Scratch, programu waliyoitoa Mitchel Resnick na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2007. Humo huandiki amri ndefu, unapachika vipande vya rangi, kimoja chini ya kingine. Jukwaa lake lina upana wa hatua 480 na kimo cha 360. Embe linachomoza juu, popote pale, likishuka hatua 5 kila mara. Paka yuko chini, anakwenda kushoto na kulia ukibonyeza vishale. Halafu unaweka sharti: embe likimgusa paka, ongeza alama 1.

Unabonyeza bendera ya kijani. Embe linashuka, paka huyoo, kalidaka! Alama zinaruka kutoka 0 hadi 23.

Utamu wa hadithi uko hapo. Wapo watakaosema kompyuta imechanganyikiwa. Hata kidogo! Umeiagiza iulize bila kukoma, "Embe limemgusa paka?" Nayo inauliza mara 30 hivi kwa sekunde. Embe linapopita mwilini mwa paka, kila swali linajibiwa "ndiyo", na kila "ndiyo" ina alama yake. Kompyuta imekutii neno kwa neno. Dawa yake ni kipande kimoja: likishagusa, embe lirudi juu papo hapo.

Mtoto aliyehangaika na zile alama 23, akapunguza mwendo wa embe ili aone vizuri, akajaribu, akakosea, akajaribu tena mpaka akang'amua, huyo amefikiri kikompyuta. Fikra hizo mwanasayansi wa kompyuta Jeannette Wing alizieleza katika makala yake ya mwaka 2006, na walimu wengi wakaanza kujiuliza: tutazipimaje?

Kipo chombo kiitwacho Dr. Scratch, kilichobuniwa Hispania. Kinasoma vipande vya gemu yako na kuipa alama; kilipoanza, zilikuwa za mambo 7, kila jambo mwisho wake 3, jumla 21. Kinaangalia kama umetumia marudio, masharti na kadhalika. Mwalimu mwenye darasa lililofurika kinamwokolea siku nzima. Ila chenyewe hakikuoni wewe. Ukinakili gemu ya mwenzako, alama zake zote utapewa.

Ndiyo maana napenda walivyofanya mtafiti Karen Brennan na Resnick, waliochapisha kazi yao mwaka 2012. Mbali na kuchungua miradi ya Scratch, waliketi na watoto wakawauliza: hiki kipande kinafanya nini? Ulikwama wapi? Wakagundua kuwa mtoto anaweza kuwa na mradi unaokwenda vizuri, na bado akashindwa kueleza baadhi ya vipande vyake. Walitumia pia miradi iliyotengenezwa tayari: mtoto aeleze inavyofanya kazi, arekebishe kosa lililomo, aongeze kitu kipya.

Ningekuwa mwalimu wako, ningevuta kigoda kando yako na kukuomba jambo moja: niwekee embe bovu, paka akilidaka apoteze alama 2. Kisha ningenyamaza, nitazame mkono wako unaanzia kipande gani.