Mabingobingo: Pingili ya bei poa yaweza kuwa ghali

Na Mwandishi Wetu

KWA mfanyabiashara wa Nangara, mjini Babati, majani ya ng'ombe ni bidhaa kama zilivyo mahindi na mbaazi. Mvua zikishakatika na kiangazi kikaingia mwezi Juni, malisho ya porini hupungua. Anayefuga ng'ombe wa maziwa bandani hubaki na njia mbili tu: kukata kwenye shamba lake mwenyewe au kutoa fedha mfukoni.

Swali la mwenye mtaji mdogo, basi, ni moja: Je, ekari ya majani inalipa? Inalipa, lakini kwa sharti kwamba aina iliyopandwa inastahimili magonjwa. Katika biashara hii hasara kubwa haitokei sokoni. Huingia shambani siku ya kupanda, ikiwa ndani ya pingili.

HESABU YA EKARI MOJA

Tuchukue mfano. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji kiasi cha kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani majani yakishaondolewa maji. Mabingobingo mabichi kwa sehemu kubwa ni maji. Katika kila kilo 100, kilo 80 hivi au zaidi ni maji. Kwa hiyo kilo 12 hizo ni mzigo wa majani mabichi wa kilo 60 hivi kila siku. Kwa mwaka ng'ombe huyo anakula karibu tani 4.4 za chakula kikavu.

Tuseme ekari moja iliyotiwa samadi na kupaliliwa inatoa tani 6 kavu kwa mwaka. Mwenye shamba analisha ng'ombe mmoja na kubakiwa na tani 1.6 za kuuza. Sasa ugonjwa uingie na kupunguza mavuno kwa nusu. Zinabaki tani 3, ambazo zinamalizika kwa siku 250. Siku 115 zilizosalia lazima anunue chakula, na ni zile zile siku za kiangazi ambazo kila mfugaji yuko sokoni. Akinunua marobota ya hei ya kilo 15, atahitaji kama marobota 100.

Msomaji azidishe mwenyewe idadi hiyo kwa bei ya robota ya mwezi Septemba au Oktoba. Kisha aongeze thamani ya tani 1.6 ambazo hakuuza. Akilinganisha na fedha alizookoa kwa kuchukua pingili za bei poa, ataona kuwa hakuokoa kitu.

UGONJWA HUSAFIRI NA MZIGO

Mfano huo wa nusu si wa kutisha watu. Huko magharibi mwa Kenya, ugonjwa wa kudumaa kwa mabingobingo umeripotiwa kupunguza mavuno kwa asilimia 40 hadi 90. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kuwa chanzo chake Kenya ni fitoplasma, kimelea kidogo kama bakteria kinachoishi ndani ya mirija ya mmea. Mwaka 2009 ikaonyeshwa kuwa kinasambazwa na mdudu mdogo mfyonza utomvu aitwaye Maiestas banda. Ugonjwa huo umeripotiwa pia Uganda, Ethiopia na hapa Tanzania.

Dalili zake ni majani kuwa madogo na ya njano, shina kuwa fupi na machipukizi kuwa mengi lakini dhaifu. Hatimaye shina hufa. Jambo la kumpa tahadhari mnunuzi ni kwamba dalili hizo mara nyingi hujitokeza baada ya majani kukatwa na kuanza kuchipua upya. Kabla ya hapo shina huweza kuonekana zima kabisa. Mzigo wa pingili za kijani juu ya pikipiki, kwa hiyo, haumwambii mnunuzi lolote.

Adui wa pili ni fugwe, ugonjwa wa ukungu ambao hufanya mabingobingo yatoe mashuke mapema, yenye vumbi jeusi, huku mashina yakikonda. Uliripotiwa Kenya miaka ya mwanzo ya 1990. Watafiti wa Kenya walichagua aina zinazouhimili, zikiwamo Kakamega 1 na Kakamega 2.

Hapa ndipo wauzaji wengine huwachanganya wateja. Kuhimili fugwe si kuhimili kudumaa, kwa sababu huo mmoja ni ukungu na huu mwingine ni fitoplasma. Kwa upande wa kudumaa, aina zilizotajwa Kenya kuwa na uvumilivu ni Ouma 2 na South Kinangop. Muuzaji akisema mbegu yake "haiugui", aulizwe: Haiugui nini?

FUNZO KUTOKA KOROGWE

Anayedhani kinga ni jambo la wataalamu tu na halina bei, aangalie safari ya nyasi za gini. Miaka ya 1960 watafiti wa shirika la Kifaransa la ORSTOM walikusanya nyasi hizo Afrika Mashariki, na miongoni mwake zilikuwamo za Korogwe, mkoani Tanga. Zikafika Brazil. Huko shirika la utafiti la Embrapa likatoa aina ya Tanzânia mwaka 1990 na Mombaça mwaka 1993, na wafugaji wa nyama wakazipanda kwa wingi.

Baadaye aina ya Tanzânia ilishambuliwa na ukungu wa madoa ya majani, na sifa yake ya mavuno haikuisaidia. Mwaka 2014 Embrapa ikatoa aina nyingine yenye uwezo mkubwa wa kuhimili madoa hayo, ikaitwa Zuri, jina ambalo msomaji wetu hahitaji kutafsiriwa. Leo mbegu za Mombasa hurudi Afrika Mashariki zikiwa kwenye pakiti, na tunazinunua.

NINI CHA KUPANDA

Wilaya ya Babati haianzi na mikono mitupu. Mradi wa Africa RISING, ulioanza mwaka 2012 kwa fedha za USAID, ulifanya kazi katika vijiji kama Long, Sabilo na Seloto. Miongoni mwa mambo yaliyoshughulikiwa ni mabingobingo na kuyachanganya na desmodiamu, jamii ya kunde inayoongeza naitrojeni kwenye udongo na protini kwenye chakula cha ng'ombe.

Nyasi za brakiaria, kama Mulato II, nazo ni njia ya kugawa hatari. Hupandwa kwa mbegu au kwa vishina na huvumilia ukame. Lakini zisisifiwe kupita kiasi: Kenya zimeshambuliwa na utitiri mwekundu, hasa wakati wa ukavu. Hakuna jani lisilo na adui.

Kwa mwenye kutaka kuweka fedha zake katika majani, ushauri wa ukurasa huu ni huu. Kwanza, usinunue pingili kwa kuona mzigo; nenda ukaone shamba zilikotoka, wiki chache baada ya kukatwa, likiwa linachipua. Pili, usipande ekari nzima kwa aina moja. Tatu, shina lililodumaa ling'olewe na mizizi yake na kuchomwa, wala pingili zake asipewe jirani. Nne, mbegu ya pakiti iwe na lebo ya TOSCI, na kwa dalili usizozielewa mwone bwana mifugo au Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake makuu yako Arusha.

Muuzaji wa pingili naye ana lake la kufaidi. Atakayekubali shamba lake likaguliwe na wateja anaweza kudai bei ya juu kuliko mwenzake, na ataipata. Anayetaka kupanda mvua za Novemba aanze kuzungukia mashamba mwezi Julai, kabla wenye pingili safi hawajamaliza kuuza.