Njia ya Vumbi Nayo Ina Haki Yake

Hucheka mtu aliyekulia katika njia za vumbi akiambiwa kwamba wako Wazungu, tena wenye nafasi zao, wanaolipa fedha nzuri ili wapate kuendesha baiskeli juu ya changarawe. Lakini jambo likisha kuenea hata likawa na baiskeli zake, mashindano yake na ramani zake, haifai kuishia kwenye kicheko. Wanatafuta nini mavumbini?

Baiskeli yenyewe, msomaji, ukiitazama kwa mbali utadhani ni ile ya mashindano ya lami, maana usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Ukiisogelea utaona tairi zake ni nene zaidi, zina meno ya kuumia udongo, na gia zake zinamwezesha mtu kupanda kilima bila kushuka. Haina keria. Mwenyewe hafungi gunia wala dumu, hufunga kijifuko cha mkate na ramani, basi akashika njia za mashambani siku mbili tatu.

Katika Ufaransa hapana mahali panaponipendeza kwa habari hii kama Bretagne, rasi ile ya magharibi inayochomoza baharini. Wabritoni wana lugha yao mbali na Kifaransa, na njia ya shamba huiita ribin. Mwaka 1984 bwana mmoja, Jean-Paul Mellouët, alianzisha huko mashindano ya baiskeli yaitwayo Tro Bro Leon, yaani mzunguko wa nchi ya Leon, yakipita makusudi katika njia hizo za mawe na matope. Nia yake ilikuwa kuchangisha fedha za shule za Diwan zinazofundisha watoto kwa lugha ya Kibritoni. Baiskeli kuichumia lugha! Sisi tunaolalamika kila siku kwamba lugha zetu zinakufa, ni nani kati yetu aliyepata kufikiri hivyo? (Mwenyeji anayewashinda wenyeji wenzake hutunukiwa mwananguruwe. Hiyo zawadi sisi tungeirudisha kwa heshima.)

Njia hizo zingalipo kwa sababu zina sheria. Katika Ufaransa njia ya mashambani ni milki ya halmashauri ya mji au kijiji, lakini matumizi yake ni ya umma. Haiuzwi ila kwanza iwe watu wameacha kuitumia, kisha ufanywe uchunguzi wa hadhara ili mwenye neno aseme. Hata hivyo nyingi zilipotea baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ilipounganisha vishamba vidogo vidogo kuwa mashamba makubwa ya matrekta, na Bretagne iliumia sana kwa jambo hilo. Zilizosalia zina thamani kama meno ya mzee. Na aendeshaye baiskeli juu yake, ajue asijue, anatoa ushahidi kwamba njia ingali hai.

Hata yale mashindano makubwa, Tour de France, yameingia mavumbini. Tarehe 7 Julai 2024 waendeshaji walizunguka kutoka Troyes na kurudi Troyes, wakapitishwa vipande 14 vya njia nyeupe katikati ya mizabibu, jumla ya kilomita zipatazo 32. Aliyeshinda ni Mfaransa, Anthony Turgis. Lakini siku moja kabla yake alikuwa ameshinda kijana wa Eritrea, Biniam Girmay, nao ulikuwa ushindi wake wa pili kati ya mitatu ya mwaka ule. Akarudi kwao na jezi ya kijani, ambayo hakuna Mwafrika aliyepata kuivaa kwa ushindi kabla yake.

Nilikuwa na habari hizi kichwani nilipofika Ogwedhi. Soko hili liko upande wa mashariki wa Kaunti ya Migori, mpakani na Narok, mahali Mjaluo, Mmaasai na Mkuria wanapokutana kwa biashara ya ng'ombe, na pengine wanapokosana kwa sababu ya ng'ombe hao hao. Pembezoni mwa barabara kuu ziko njia nyembamba za udongo mwekundu zinazoshuka mabondeni na kupanda vilimani. Mjaluo huiita njia yo, Mmaasai huiita enkoitoi. Mguu wa mtu na kwato za ng'ombe ndizo zilizozichora, kabla ya injinia yeyote.

Hapo baiskeli ni ile nzito nyeusi iitwayo Black Mamba, gia yake moja, keria yake ya chuma. Nilimkuta kijana mmoja muuza maziwa anabadili kiraka chini ya mti, madumu yake yamelala majanini. Nikamwuliza njia anayopita kila siku.

"Mzee wangu, ile niliyokuwa nikipita imefungwa," akaniambia. "Shamba limegawanywa, mwenye kipande ametia seng'enge. Sasa nazunguka kwa huko juu."

"Hukumwambia kwamba njia ni ya wote?"

"Nilimwambia. Akaniuliza, imeandikwa wapi?"

Swali hilo nimelibeba mpaka Mombasa. Upande wa Trans Mara ardhi iliyokuwa ya ranchi za jamii imegawanywa, kila mtu na hati yake. Hati ni haki, sisemi kinyume. Lakini hati inachora mipaka ya shamba, na njia ambayo hakuna aliyeichora humezwa. Anayelipa ni mwenye baiskeli, kwa sababu maziwa hayangoji.

Wala sisi wa pwani tusijione tuko mbali. Njia ngapi za kuteremkia ufukoni, kuanzia Diani hata Malindi, zimekwisha kuzibwa kwa ukuta, mvuvi akalazimika kuzunguka na dema lake begani? Naye huulizwa swali lile lile.

Ndiyo maana siwadharau hawa wa baiskeli za changarawe. Tangu mwaka 2021 yako mashindano katika nchi ya Maasai Mara, Migration Gravel Race, ya siku nne na takriban kilomita 650, yakikutanisha wageni na vijana wa timu ya Amani kutoka Kenya, Uganda na Rwanda. Nahodha wao alikuwa Suleiman Kangangi, aliyeshika nafasi ya tatu katika mzunguko wa Rwanda mwaka 2017. Alifariki tarehe 27 Agosti 2022 kwa ajali katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33. Mungu amlaze pema. Alitaka kijana wa Afrika Mashariki ashindane na walimwengu katika njia za namna aliyoizoea tangu utoto.

Na njia tunazo. Ningekuwa na magoti ya miaka 25, ningetoka Ogwedhi hadi mji wa Migori, kisha nikashika kaskazini-magharibi kilomita 46 mpaka Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, kuta zake nyingine zapita urefu wa watu wawili. Yakisiwa ni ya karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Mtu wa Gedi na Takwa atajua thamani ya kusimama mbele ya mawe kama yale. Kutoka hapo njia yaelekea bonde la Lambwe, kando ya hifadhi ya Ruma wanakoishi korongo, swala wale wakubwa ambao nchini Kenya hawapatikani porini penginepo, hata kuteremka Homa Bay ziwani.

Atakayekwenda asiende wakati wa masika, udongo ule hunata magurudumuni yakagoma kuzunguka. Achukue mipira ya ndani miwili, pampu na viraka, maana miba ya huko haina huruma. Ajifunze salamu ya Kijaluo na ya Kimaasai. Na kila atakapokuta seng'enge imekatiza njia, aandike mahali hapo katika daftari lake, kijiji na tarehe.