Je, Wajua? Jeni Husaidia Kuutambua Uvimbe wa Ubongo

Hadubini pekee haitoshi. Aina mbili za saratani ya ubongo, glioblastoma na oligodendroglioma, huweza kufanana mno hata wataalamu wawili wakitazama kipande kimoja wakatoa majibu tofauti. Wala si ubishi mdogo: ya pili husikia dawa zaidi, na mgonjwa wake kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi.

Mwaka 2003, watafiti wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya vivimbe 50. Walikuwa wamepima jeni zipatazo 12,000 katika kila kimoja: ipi inachapa kazi, ipi imelala. Kompyuta ilifundishwa kwa vivimbe visivyo na utata, kisha ikapewa vile vilivyowasumbua madaktari. Majibu yake yaliendana zaidi na muda walioishi wagonjwa kuliko yale ya hadubini.

Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani huainisha baadhi ya vivimbe vya ubongo kwa alama za kijeni pia.

  

Katika kipimo kama kile cha Boston, kinachopimwa ni RNA, ujumbe unaotumwa na jeni iliyo kazini. Huoza upesi, kwa hiyo kipande cha uvimbe hugandishwa mara tu kinapotolewa, au huhifadhiwa kwenye nta na kupimwa kwa mbinu mpya zaidi.